Kuhamia Kanada pamoja na watoto: kazi inafungua mlango, lakini shule ndiyo inabakiza jamaa

Kwa jamaa nyingi za Goma, Bukavu, Uvira, Butembo ao Bunia, jina Kanada linaleta akilini Montréal, Toronto ao Ottawa. Lakini tangu mwezi wa kwanza 2025, mlango mmoja ambao serikali ya Kanada ilifungulia wafanyakazi wanaosema Kifaransa unaelekea kwingine: kwenye miji midogo, hata vijiji, ambako watu wengi wa kwetu hawajafika bado.

Mpango huo unaitwa kwa Kifaransa Programme pilote d'immigration dans les communautés francophones. Unahusu sehemu sita: Péninsule acadienne katika jimbo la Nouveau-Brunswick, Sudbury, Timmins na eneo la Superior East katika Ontario, Saint-Pierre-Jolys katika Manitoba, na Kelowna katika Colombie-Britannique. Mfanyakazi anayekubaliwa anapata ruhusa ya kukaa Kanada kwa kudumu, na anaweza kwenda na bibi ao bwana yake pamoja na watoto.

Hapo ndipo swali kubwa linaanza. Wazazi wengi wanachunguza mshahara, tikiti ya ndege na nyumba. Shule ya watoto wanaiacha kwa kesho. Lakini katika mji mdogo, shule ndiyo inaamua kama jamaa itaota mizizi ao itafunga mizigo tena nyuma ya mwaka mmoja.

Kwa nini wanatafuta watu wa Kifaransa

Nje ya Québec, Kifaransa kinapungua Kanada. Mwaka 1971, watu 6,1 kwa mia nje ya jimbo hilo walihesabiwa kuwa wa lugha ya Kifaransa. Hesabu ya raia ya mwaka 2021 ilikuta wamebaki 3,3 kwa mia. Ndiyo maana serikali iliweka lengo la wahamiaji wa Kifaransa nje ya Québec: 4,4 kwa mia mwaka 2023, kisha 6 kwa mia mwaka 2024.

Katika miji midogo, vijana wanaondoka kwenda miji mikubwa na wazee wanabaki. Viwanda, hospitali na nyumba za kutunza wazee vinakosa mikono. Shule nazo zinakosa watoto, na shule ya kijiji isiyokuwa na watoto inafungwa. Kwa hiyo jamaa ya Mkongomani yenye watoto wanne haiingii pale kama mzigo. Mzazi anajaza nafasi kwenye kazi, watoto wanajaza madarasa. Wazazi wakijua jambo hilo, wanaweza kuuliza maswali yao bila haya.

Masharti ya kazi

Kwanza, inahitajika mkataba wa kazi kutoka kwa mwajiri aliyekubaliwa na mji wenyewe. Kazi iwe ya muda wote na ya kudumu, si ya musimu. Neno hilo lina uzito. Katika Péninsule acadienne, upande wa Caraquet na Shippagan, viwanda vingi vinatengeneza kaa na samaki wengine wa bahari, na kazi nyingi humo zinafuata musimu wa uvuvi. Mkataba wa miezi michache hauwezi kupitisha dosie katika mpango huu.

Pili, mwombaji awe amefanya kazi inayofanana na ile anayopewa kwa mwaka mmoja, ndani ya miaka mitatu iliyopita. Tatu, apite mtihani wa Kifaransa, TEF ao TCF, na kufikia kiwango cha 5 katika kusoma, kuandika, kusikiliza na kusema. Nne, diploma ya Congo ilinganishwe na ya Kanada na shirika linalotambuliwa. Tano, mtu asiyefanya kazi tayari Kanada aonyeshe feza za kuanzia maisha. Kiasi chake kinafuata hesabu ya jamaa yote, hata wale wanaobaki nyumbani.

Mwajiri wa kweli hauzishi kazi. Mtu anayeomba dola ili atoe mkataba ni mwizi, hata kama karatasi yake ina mihuri mitatu. Na anayelipwa kwa kushauri watu juu ya dosie ya uhamiaji lazima awe avoka ao mshauri aliyeandikishwa kwenye chuo cha washauri wa uhamiaji wa Kanada. Majina ya waajiri waliokubaliwa yanatafutwa kwa mji wenyewe, si kwa mtu wa kati.

Mtoto asiyeandikwa leo, kesho ni shida

Kwa sheria ya Kanada, mtoto anayehesabiwa katika dosie ya mzazi ni yule ambaye hajafikisha miaka 22 na hana bibi wala bwana. Umri unasimamishwa siku serikali inapopokea dosie iliyo kamili. Kijana wa miaka 21 anaweza kupoteza nafasi yake kwa sababu karatasi moja ilichelewa.

Watoto wote wa mwombaji lazima waandikwe na kupimwa na daktari, hata wale wasioondoka: mtoto anayekaa na mama yake Kalemie, ao yule aliyezaliwa nje ya ndoa na ambaye jamaa haimtaji. Mzazi akimficha leo, kwa kawaida hataweza kumwita kesho kwa njia ya jamaa. Ni sheria ngumu, na imetenga wazazi na watoto kwa miaka mingi.

Jambo lingine linaumiza zaidi upande wa mashariki mwa Congo, ambako vita imeacha watoto wengi mikononi mwa shangazi, wajomba na tate. Mtoto wa dada aliyelelewa nyumbani tangu uchanga anaita walezi wake baba na mama, lakini katika dosie si mtoto wao, isipokuwa kama tribunali ilimfanya kuwa wao kwa sheria. Njia moja ipo: mtu mwenye kukaa Kanada kwa kudumu anaweza kuomba kumleta ndugu, mpwa ao mjukuu ambaye ni yatima wa baba na mama, ana chini ya miaka 18 na hajaoa wala kuolewa. Njia hiyo inaomba vyeti vya kifo vya wazazi wote wawili.

Vyeti ndivyo vinavyokosekana. Sheria ya Congo inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Muda huo ukipita, inalazimu hukumu ya tribunali, jugement supplétif, ndipo cheti kitolewe. Na kama mzazi mmoja haendi, ruhusa yake ya maandishi inahitajika. Karatasi hizo zinachukua miezi. Jamaa inayongoja mkataba ufike kwanza ndipo itafute vyeti, mara nyingi inachelewa.

Darasa linafuata umri

Kuna habari nzuri: hesabu ya madarasa inafanana. Congo ina miaka sita ya primeri, miwili ya 7e na 8e, kisha minne ya humanités. Zote pamoja ni miaka 12. Nouveau-Brunswick na Ontario nako masomo yanaishia mwaka wa 12, na mwaka wa shule unaanza mwezi wa tisa na kumalizika mwezi wa sita. Shule ya serikali hailipishwi, primeri na sekondari. Mtoto anayekaa mbali anabebwa na basi la manjano.

Tofauti ni hii: kwa kawaida, mtoto anawekwa katika darasa la watoto wa umri wake. Kwa mtoto wa miaka saba hiyo ni neema. Kwa kijana wa miaka 15 aliyepoteza miaka miwili katika kukimbia vita, ni mlima. Anakaa na wenzake wa umri mmoja, lakini hesabu wanayofanya hajaiona. Ndiyo maana mabulletini ya zamani yana kazi: yanaonyesha shule mahali alipoachia, ili apewe msaada tangu mwanzo. Kijana wa miaka 19 ao 20 aulizwe peke yake: je, atapokewa sekondari, atakwenda shule ya watu wazima, ao atatafuta kazi?

Wazazi wengi wanajiambia watoto wetu wanajua Kifaransa, hakuna shida. Ni kweli nusu. Mtoto wa Bukavu anasoma Kifaransa, lakini anacheza kwa Kiswahili. Huko, Kifaransa ni cha darasani, cha uwanjani na cha utani, tena katika Péninsule acadienne kina matamshi yake ambayo hata Mfaransa wa Paris anayashangaa. Inachukua miezi kabla mtoto hajacheka pamoja na wengine. Mtoto anayenyamaza wakati huo si mjinga.

Si kila mji una shule sawa

Miji sita hiyo haifanani. Nouveau-Brunswick ni jimbo pekee la Kanada ambalo lugha zote mbili, Kifaransa na Kiingereza, ni za serikali ya jimbo, tangu mwaka 1969. Shule za Kifaransa zina uongozi wao. Katika Péninsule acadienne, Kifaransa ndicho lugha ya soko, ya kanisa na ya barabarani. Mkatoliki wa Kivu hatajiona mgeni kabisa: sikukuu ya taifa la Waakadia ni tarehe 15 mwezi wa nane, siku ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, na wimbo wao wa taifa ni Ave Maris Stella.

Ontario ina mitindo minne ya shule inayolipwa na serikali: ya Kiingereza isiyo ya dini, ya Kiingereza ya Kikatoliki, ya Kifaransa isiyo ya dini na ya Kifaransa ya Kikatoliki. Sudbury, mji wa watu karibu 166 000 uliojengwa juu ya madini ya nikeli, na Timmins, mji wa zahabu wenye watu karibu 41 000, yana shule za Kifaransa, lakini Kiingereza kinazunguka kila mahali. Kelowna ni mji wa Kiingereza. Huko mtoto anaweza kusoma Kifaransa asubuhi na kukisahau jioni.

Mzazi akubali mapema kwamba Kiingereza kitaingia chenyewe, kwa televisheni na kwa marafiki. Kiswahili ndicho hakitalindwa na shule. Kitabaki kama kinasemwa mezani na kwa simu na tate.

Nyumbani nako mambo yanabadilika

Tribunali kuu ya Kanada iliamua mwaka 2004 kwamba mzazi hawezi kutumia fimbo, mkanda ao kitu kingine kumwazibu mtoto, wala kumpiga kichwani, wala kumpiga mtoto wa chini ya miaka miwili ao kijana aliyebalehe. Mwalimu hana ruhusa ya kupiga kama azabu. Mtoto anajifunza hayo shuleni mbele ya baba yake. Jamaa inayozungumza jambo hilo kabla ya safari inaepuka siku ambapo watumishi wa ulinzi wa watoto watagonga mlango.

Mzazi naye anaweza kushuka cheo. Karatasi inayolinganisha diploma haimpi muuguzi ao mwalimu ruhusa ya kufanya kazi yake. Chama cha kazi hiyo ndicho kinatoa ruhusa, na inaweza kuomba masomo mengine. Mtu aliyeongoza darasa Butembo anaweza kuanza kwa kuosha wazee. Watoto wanaona. Wanahitaji kuambiwa kwa nini.

Kuna msaada: allocation canadienne pour enfants. Kati ya mwezi wa saba 2024 na wa sita 2025, ulifika mpaka dola za Kanada 7 787 kwa mwaka kwa mtoto wa chini ya miaka sita, na 6 570 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 17, kufuatana na mapato ya jamaa. Ili uendelee, wazazi wote wawili lazima watangaze mapato yao kila mwaka, hata kama ni sufuri.

Halafu kuna baridi. Timmins, mwezi wa kwanza, inaweza kushuka digri 30 chini ya sufuri. Mabasi ya watu wote ni machache ao hakuna, na bila gari mzazi hafiki kazini wala kwenye mkutano wa shule. Kujifunza kuendesha kabla ya safari kunasaidia, hata kama itabidi kupita mtihani wa permi upya huko.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Mwajiri anayetaka mfanyakazi akae atajibu; anayekasirika amejionyesha. Shule ya Kifaransa iko umbali gani na nyumba? Inafika mpaka mwaka wa 12? Kijana wetu wa miaka 16 atawekwa darasa gani, na nani atamsaidia? Saa za kazi zinaanza kabla basi la shule halijapita? Kazi ikikatika, kuna mwajiri mwingine mjini? Je, tunaweza kufika mwezi wa saba ao wa nane, ili watoto waanze mwaka pamoja na wenzao, badala ya kuingia katikati ya theluji?

Mji nao una wajibu wake: kila moja ya miji sita inapaswa kuwa na watu wa kupokea wageni na kuwaunganisha na shule, nyumba na daktari. Barua kwa watu hao hailipishwi, na inaweza kuandikwa kwa Kifaransa kutoka Uvira leo, kabla ya kuuza kiwanja.