Sauti ya Mkunga Kutoka Mbali: Huduma ya Wazazi kwa Simu Wakati wa Janga

Mkoa wa Singida una eneo la zaidi ya kilomita za mraba 49,000, na kwa sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu wapatao milioni 2. Mwanafunzi akigawa hesabu hizo atapata wastani wa watu 41 hivi kwa kila kilomita moja ya mraba. Wastani huo unaficha mengi. Kando ya maziwa ya Singidani na Kindai nyumba zimesongamana, hali kusini ya Itigi, kuelekea Rungwa, msafiri hupita zaidi ya kilomita 100 za pori na vijiji vilivyotawanyika. Kwa mkulima wa alizeti umbali huo huongeza nauli ya gunia. Kwa mama aliyejifungua usiku na damu isiyokatika, umbali huo huo unaweza kumgharimu maisha.

Tiba mtandao ni jina jipya la jambo ambalo lina umri wa kutosha katika Afrika ya Mashariki. Shirika la madaktari warukao, AMREF, lilianzishwa mwaka 1957, na katika miaka ya 1960 lilijenga mtandao wa simu za upepo uliounganisha hospitali za misheni na vituo vya mbali. Mganga aliyekuwa peke yake porini aliweza kueleza dalili za mgonjwa na kupewa shauri na daktari aliyeko Nairobi. Simu hizo zilitumia mawimbi ya masafa mafupi, ambayo hupanda hadi kwenye tabaka la juu la angahewa lenye chembe zenye chaji za umeme, yakapindwa na kurudi ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia. Hazikuhitaji mnara wowote katikati. Nayo Tanzania, mwaka 1973, iliendesha kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni 2 walishiriki katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Upungufu wa redio ulikuwa mmoja tu: msikilizaji hakuweza kuuliza swali akajibiwa papo hapo.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia nzima, na siku tano baadaye mgonjwa wa kwanza alithibitishwa nchini Tanzania. Kwa waja wazito ugonjwa huo ulikuwa na uzito wa pekee. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi ulionyesha kwamba mwenye mimba akiambukizwa huelekea zaidi kupata ugonjwa mkali na kujifungua kabla ya wakati kuliko asiyeambukizwa. Hivyo mama alijikuta kati ya hofu mbili. Kwenda kliniki kulikuwa na hatari ya kukaa benchi moja na mwenye virusi. Kubaki nyumbani kulikuwa na hatari ya kutogunduliwa kwa maradhi ya mimba, ambayo yalikuwa yakiua akina mama tangu kabla virusi hivyo havijajulikana.

Mfano ulio wazi zaidi wa jinsi simu ilivyotumika katika hali hiyo ulitokea kwa jirani. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku watu kutoka nje usiku kuanzia tarehe 27 Machi 2020. Teksi na bodaboda zilitoweka barabarani, na mama mwenye uchungu usiku wa manane hakuwa na wa kumpeleka hospitali. Dakta Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, alianzisha mpango ulioitwa Wheels for Life. Mama alipiga namba 1195 bila malipo, akaunganishwa na daktari aliyemwuliza maswali na kupima uzito wa hali yake. Wengine walihitaji maelezo tu, wakatulia. Aliyekuwa na uchungu wa kawaida alitumiwa teksi yenye kibali, na aliyekuwa hatarini alitumiwa gari la wagonjwa.

Tanzania haikuweka amri ya namna hiyo. Shule zilifungwa Machi 2020 na zote zikawa zimefunguliwa mwishoni mwa Juni, lakini njia zilibaki wazi. Je, Singida ina la kujifunza Nairobi? Linalo, na huenda ni kubwa. Nairobi ilifungiwa njia kwa miezi kadhaa. Katika sehemu nyingi za Mkalama, Ikungi na Manyoni, usiku ni kama njia imefungwa mwaka wote, kwa sababu gari halipo.

Tutazame kwanza chombo chenyewe. Simu ya mkononi ikitumia mawimbi ya megahezi 900, urefu wa kila wimbi ni sentimita 33 hivi, kama mwanafunzi wa fizikia anavyoweza kukokotoa kwa kugawa mwendo wa nuru kwa masafa hayo. Mawimbi mafupi kiasi hicho husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na hayapindwi angani kama yale ya simu ya upepo. Mteremko wa Sekenke, au majabali ya matale yaliyozagaa mkoani, huyazuia, na kijiji kilichoko nyuma yake husikia sauti ikikatikakatika. Maongezi huhitaji njia ya mawasiliano iliyoshikwa muda wote. Ujumbe mfupi wa maandishi hupenya kwa sekunde chache, na simu ikiwa imezimwa, mtambo huuhifadhi na kuutuma tena baadaye. Ujumbe mmoja una biti 1,120. Kila herufi ikichukua biti 7, hupatikana herufi 160. Ufinyu huo haukuzuia Wizara ya Afya na washirika wake, mwaka 2012, kuanzisha huduma ya Wazazi Nipendeni, ambayo mama alijiandikisha kwa kutuma neno "mtoto" kwenda namba 15001, kisha akapokea bure mashauri yaliyolingana na umri wa mimba yake.

Ni ugonjwa gani unaoweza kutambuliwa kwa mazungumzo? Tuchukue kifafa cha mimba. Kabla ya degedege, shinikizo la damu hupanda kufikia 140 kwa 90 au zaidi, kwa kawaida baada ya wiki ya 20 ya mimba. Mama huumwa kichwa kisichotulia, huona ukungu au vimulimuli, huumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, na uso wake huweza kuvimba. Mkunga aliye mbali anaweza kuuliza: Kichwa kimeanza kuuma lini? Unaona vizuri? Pete inatoka kidoleni? Watu wengi hawajui kwamba hatari haimaliziki mtoto akizaliwa. Kifafa hicho chaweza kumpata mzazi hata siku kadhaa baadaye, akiwa nyumbani anapokea pongezi, na hata ndani ya wiki sita. Hapo ndipo simu ina manufaa makubwa kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa mzazi aliyekwisha kurudi kwake hutazamwa na mtaalamu mara chache.

Lakini simu haipimi shinikizo la damu, haigusi tumbo, wala haisikilizi moyo wa mtoto, ambao kwa kawaida hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Wala haizuii damu. Mzazi aliyepoteza nusu lita ya damu au zaidi anahitaji mikono na dawa. Shauri jema lisilofuatwa na gari hubaki maneno, na kosa la mipango mingi ya tiba mtandao limekuwa kuishia kwenye shauri.

Mpango wa m-mama, ulioanzia mkoani Shinyanga na Sengerema na kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022 huko Dodoma, ulijengwa kwa kulikwepa kosa hilo. Umeenea mikoani, na Singida imo. Mama, ndugu yake au mganga wa zahanati hupiga namba 115 bila malipo. Mhudumu wa afya katika kituo cha mawasiliano cha mkoa huuliza maswali yaliyopangwa, huamua kama ni dharura na ni hospitali ipi inayofaa. Gari la wagonjwa likiwa mbali, huitwa dereva wa kijijini aliyekwisha kuchujwa na kufundishwa, naye hulipwa kwa pesa za simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Hospitali hupewa taarifa mapema. Wakati gari linakuja, zahanati huweza kumpa mwenye dalili za kifafa sindano ya kwanza ya magnesiamu salfeti.

Linabaki jambo dogo ambalo mitambo hailitatui. Katika kaya nyingi simu ni moja, nayo iko mfukoni mwa mume aliyekwenda mnadani au machungani. Kwa hiyo baadhi ya wakunga, mama anapohudhuria kliniki, humwuliza pia ni jirani gani mwenye simu, nani huichaji, na kama kijana yeyote wa nyumbani anaikumbuka namba 115 kwa kichwa.