Je, Wajua? Chupa ya Damu Ina Mambo!

Je, wajua kwamba miaka ya 1980 kule New York ungeweza kutoa damu na palepale kuizuia isitumike kwa mgonjwa, huku wenzako wakikupongeza? Mchangiaji alipewa vibandiko viwili faraghani: kimoja cha kuruhusu itumike, kingine cha kukataa. Umeburutwa na wafanyakazi wenzako kwenda kuchangia, nawe unajua moyoni kwamba damu yako huenda ina VVU? Unabandika, unaondoka. Siri ni yako, na mgonjwa amesalimika!

Utasema, si maabara ipo? Sikiliza: VVU vikiingia mwilini, hata kipimo kikali cha vinasaba hakivioni kwa takriban siku 10 za mwanzo. Siku hizo mgonjwa analindwa na ukweli wako tu, ndugu yangu.

Na chupa moja hugawanywa ikahudumia hadi wagonjwa 3! Seli nyekundu kwa huyu, plazma kwa yule, chembe sahani kwa mwingine.

Sasa shika kichwa. Uingereza, miaka ya 1970 na 1980, dawa ya kugandisha damu ilitengenezwa kwa plazma ya maelfu ya watu iliyochanganywa pamoja. Mwenye ugonjwa mmoja tu alitosha kuharibu mchanganyiko wote! Kwa dawa hiyo na kwa damu ya kuongezewa, zaidi ya watu 30,000 waliambukizwa VVU au homa ya ini. Ripoti ya uchunguzi ya Mei 2024 ilisema wazi: ukweli ulifichwa, na wapo waliopimwa bila hata kuambiwa. Hili linaniuma kila nikilisoma.

Wajua la Afrika Kusini? Mwaka 2004 ilifichuka kwamba huduma ya damu ilipima hatari kwa kuangalia pia rangi ya mchangiaji. Kelele zikapigwa! Kufikia Oktoba 2005 kila chupa ilikuwa ikipimwa peke yake kwa kipimo cha vinasaba. Rangi nje, kipimo ndani.

Tanzania, huduma ya taifa ya Damu Salama hupima maambukizi 4: VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Majibu ni yako, si ya shemeji aliyekuleta.

La mwisho, na hili ni zito. Kanada, 1979: mwanamke kapata ajali, hajitambui, mkobani ana kadi inayosema asiongezewe damu kwa sababu ya imani yake. Daktari akamwongezea, akapona. Mwaka 1990 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba daktari hakuzembea hata kidogo. Bado alitakiwa kumlipa dola 20,000 kwa kupuuza kadi yake!