Kupanua Rimu za Chuma za Motokaa ya Kale

Muhula huu katika bweni letu kulikuwa na ubishi mkubwa juu ya rimu za motokaa. Wengine walisema kwamba kupanua rimu ya chuma ni kazi ya saa moja tu kwa mtu mwenye mashine ya kuchomelea. Wengine walisema kwamba haiwezekani kabisa. Nadhani pande zote mbili hazikupata ukweli. Likizo iliyopita nilikaa kwa mjomba wangu, ambaye ni fundi wa kukereza na kuchomelea vyuma, na huko niliiona kazi hiyo tangu mwanzo hata mwisho. Basi naomba nafasi katika gazeti letu niwaeleze jinsi inavyofanywa, na kwa nini fundi mwema mara nyingine huikataa.

Motokaa yenyewe ilikuwa Datsun 240Z, motokaa ya michezo ya Kijapani yenye viti viwili na injini ya silinda sita. Ilitokea mwaka 1969, na watu wa huku kwetu wana sababu ya kuikumbuka. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mbio za Safari za Afrika ya Mashariki, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nayo tena. Ile iliyoshinda mwaka 1971 imehifadhiwa na kampuni ya Nissan huko Japani. Siku zile motokaa hizo zilitoka kiwandani zikiwa na rimu za chuma zenye kipenyo cha inchi 14 na upana wa inchi 4 na nusu tu.

Mtu anaweza kuuliza, kama ilishinda, kwa nini ipanuliwe rimu? Sababu ni matairi. Mwenye motokaa alikuwa amepata matairi ya upana wa milimita 195, nayo hukaa vizuri juu ya rimu ya inchi 6. Tairi pana likivikwa rimu nyembamba hufura kama boga. Motokaa ikikata kona, mbavu za tairi hulala upande, na usukani huchelewa kutii. Kununua rimu mpya za aluminiamu kungekuwa rahisi, lakini mwenyewe alitaka motokaa ibaki na sura yake ya zamani. Tena rimu ya chuma ikigonga shimo kwa kawaida hupinda, na fundi aweza kuinyosha, lakini ya aluminiamu yaweza kupasuka.

Sasa tutazame gurudumu lenyewe. Rimu ya chuma ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni sahani ya katikati, yenye matundu ya nati. Sehemu ya pili ni duara la nje linalobeba tairi. Sehemu hizo mbili zimeunganishwa kiwandani kwa kuchomelewa. Katika duara la nje kuna kingo mbili zilizoinuka, na katikati yake kuna bonde. Bonde hilo si pambo; bila hilo tairi haliwezi kuvikwa wala kuvuliwa. Upana wa rimu hupimwa kati ya kingo mbili kwa ndani, pale tairi linapokaa, wala haupimwi kutoka nje hadi nje kama wengi wadhanivyo.

Kutoka inchi 4 na nusu kwenda inchi 6 ni nyongeza ya inchi moja na nusu, yaani milimita 38. Swali kubwa la kazi hii ni hili: milimita hizo 38 ziende upande gani? Zikienda zote ndani, ukingo wa ndani unasogea kwenye springi na shokabzoba. Katika Datsun hii springi imesimama karibu sana na tairi, mbele na nyuma, na tairi litaisugua. Zikienda zote nje, gurudumu huonekana zuri, lina kina kama sufuria, na vijana wengi hupenda hivyo. Lakini hapo katikati ya tairi panahama milimita 19 kwenda nje. Beringi zilizotengenezwa zibebe mzigo karibu sasa zinaubeba mbali, kama mtu anayeshika ndoo kwa mkono ulionyoshwa. Kila shimo litavuta usukani kwa nguvu zaidi, na tairi laweza kugusa madigadi. Njia iliyo salama zaidi ni kugawa nyongeza sawasawa, milimita 19 ndani na milimita 19 nje, ili katikati ya tairi pabaki palepale. Hata hivyo lazima kupima kwanza. Mjomba alipima nafasi akiwa amegeuza usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, na mara nyingine motokaa ikiwa imekandamizwa chini, maana motokaa iliyosimama wima haisemi kweli yote.

Kuna njia mbili za kufanya kazi hii. Ya kwanza ni kukata duara la nje na kuingiza ukanda wa chuma katikati. Ukikata upande wa ndani wa sahani, nyongeza yote huenda ndani. Ukikata upande wa nje, huenda nje. Njia ya pili ni kuitoa sahani ya zamani katika duara lake na kuitia katika duara jingine pana zaidi, lenye kipenyo kilekile. Hapo fundi huchagua mwenyewe sahani ikae wapi. Mjomba hakupata maduara mapana ya inchi 14, kwa hiyo alitumia njia ya kwanza, akakata kila rimu mara mbili, ndani na nje, na kutia kanda mbili za milimita 19. Kazi iliongezeka maradufu, lakini beringi zilisalimika.

Kabla ya kukata, rimu zote nne zilisuguliwa kwa brashi ya waya mpaka rangi ikaisha. Mjomba alizitazama kwa kioo cha kukuza, hasa kuzunguka matundu ya nati. Katika rimu moja aliona ufa mwembamba kama unywele, akaitupa pembeni. Mwenyewe ilimbidi atafute nyingine.

Hapa ndipo hesabu ya darasani inapohitajika. Tuseme duara lina kipenyo cha nje cha milimita 330 mahali linapokatwa. Mtu atazidisha 330 kwa 3.1416, apate milimita 1,037, na kukata ukanda wa urefu huo. Hautakaa! Chuma kikikunjwa, upande wa nje hunyoshwa na upande wa ndani hubanwa. Urefu usiobadilika ni ule wa katikati ya unene. Kama chuma kina unene wa milimita 3, kipenyo cha kutumia ni 327, na urefu ni milimita 1,027. Tofauti ni karibu milimita 10, na katika kazi hii milimita 10 ni nyingi mno.

Rimu hufungwa kwenye mashine ya kukereza kwa matundu yake yenyewe ya nati, ili mkato uwe sawa na mzunguko wa gurudumu. Mkato hufanywa mahali palipo bapa, mbali na pale tairi linapokaa. Kisha kingo za chuma hutiwa tupa mpaka ziwe za mshazari, ili chuma kilichoyeyuka kipenye mpaka upande wa pili. Mshono wa juu juu tu ni kama gundi. Fundi hushika kwanza kwa vidonda vidogo vinane, akienda upande huu na upande wa pili, kisha huzungusha rimu na kuweka mshale karibu nayo aone kama inayumba. Mjomba hakubali kuyumba kunakozidi milimita moja. Ndipo huchomelea vipande vifupi vifupi, akirukia kila mara upande wa pili, maana moto ukikaa mahali pamoja huvuta chuma na kukipinda. Tena hamwagi maji ili kupoza. Huacha chuma kipoe chenyewe.

Siku ya kwanza mwenye motokaa alifika na kusema, "Fundi, nazitaka jioni. Kesho alfajiri naenda Morogoro na watoto." Mjomba akamjibu kwa upole, "Mzee wangu, jioni naweza kukupa rimu zinazong'aa. Rimu za kukufikisha Morogoro siwezi kukupa jioni." Yule mzee hakufurahi. Ndipo mjomba akashusha ukutani rimu moja ya zamani, iliyopanuliwa mahali pengine, akampa aishike. Mshono wake ulikuwa umekatika kuzunguka karibu robo tatu ya duara. Kwa nje bado ilikuwa na rangi nzuri ya fedha. Yule mzee aliigeuza geuza, kisha akauliza ni siku ngapi zinazotakiwa. Zilikuwa siku nne, naye akaenda Morogoro kwa basi.

Mimi nilitaka kujua kwa nini mshono ukatike baada ya kwenda vizuri miezi mingi. Jibu ni kwamba chuma huchoka. Gurudumu la motokaa ile lina mzunguko wa mita 2 hivi, kwa hiyo kila kilomita hujizungusha kama mara 500. Kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro ni karibu kilomita 190. Basi ni zaidi ya mara 90,000. Kila mzunguko sehemu ya chini hubeba uzito, kisha huuacha, kisha huubeba tena. Kama ndani ya mshono mna tundu dogo au ufa, hapo ndipo chuma huanza kufunguka kidogo kidogo. Wazee walisema, bandu bandu huisha gogo.

Kwa sababu hiyo kupima ni nusu ya kazi. Mjomba alipaka mshono chokaa upande mmoja, na upande wa pili akapaka mafuta ya taa, akaacha usiku kucha. Penye ufa uliopenya, mafuta hupita na kutia doa kwenye chokaa. Baadaye matairi yalivikwa, yakajazwa upepo na kutiwa majini. Palipotoka mapovu, hata madogo, mshono ulikatwa na kuchomelewa upya. Watu wengine rimu ikivuja hutia mpira wa ndani, na kusema imepona. Hilo ni jambo la hatari, kwa kuwa upepo unaovuja ndio onyo pekee ambalo chuma kimetoa, na mpira wa ndani unaliziba.

Nisiwafiche pia kwamba rimu pana haileti faida tupu. Ni nzito zaidi, usukani huwa mgumu motokaa ikienda polepole, na katika matope tairi jembamba mara nyingi hukata na kushika chini vizuri kuliko pana. Mwenye kuweza kununua rimu pana zilizotengenezwa na kiwanda na kukubaliwa kwa motokaa yake, afadhali anunue. Na aliyepanuliwa rimu zake akaze nati tena baada ya kilomita chache, na kila anapoosha motokaa atazame mishono kwa ndani.

Wenzangu mnaotarajia kuingia vyuo vya ufundi, siku moja mtaletewa kazi kama hii na mtu mwenye haraka na fedha mkononi. Mwulizeni kwanza atapakia nani katika motokaa hiyo. Na kama hamna njia ya kuupima mshono wenu, mwambieni aende kwa mwingine aliye nayo. Mwenye swali juu ya hesabu ya ukanda anikute maktaba baada ya chakula cha jioni, nitamchorea.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne