Kodi ya urithi ikifutwa, nani anafaidika?

Wakati wa kampeni kuna ahadi moja inayopendeza masikioni kuliko zote: "Mkinichagua, nitaondoa kodi." Hakuna mama asiyefurahi kuisikia. Anayelipishwa tiketi ya soko kila asubuhi anajua uzito wa neno hilo. Lakini kodi ni nyingi, na hazilipwi zote na watu wale wale. Kwa hiyo kabla ya kupiga makofi inafaa kuuliza: kodi hii inayotaka kuondolewa, nani anailipa leo?

Juma hili tunaangalia ahadi ambayo huko Marekani imerudiwa kwa zaidi ya miaka 25: ahadi ya kufuta kodi ya urithi. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, familia nyingi zetu zina ndugu kule. Kwa miaka mingi ya karibuni Wakongo wamekuwa kati ya makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa na nchi hiyo, na wanaopata uraia wanapiga kura. Pili, ahadi hiyo hutolewa kwa jina la mjane na la mkulima mdogo. Wajane na wakulima ndio wengi katika vikundi vyetu, basi tunapaswa kujua jina letu linatumiwa kwa kazi gani.

Kodi hiyo ni ipi?

Kodi ya urithi ya serikali kuu ya Marekani ilianzishwa mwaka 1916. Mtu akifa, mali yake yote huhesabiwa: nyumba, mashamba, pesa ya benki, hisa za makampuni. Madeni hutolewa. Kinachobaki hulinganishwa na kiwango kilichowekwa na sheria. Mali ikiwa chini ya kiwango hicho, warithi hawalipi kitu. Ikizidi, kodi hukatwa kwenye ile ziada peke yake, si kwenye mali yote.

Kiwango hicho ni kikubwa sana. Kwa mwaka 2026 ni dola milioni 15 kwa mtu mmoja. Mume na mke wakijipanga vizuri, kwa pamoja wanaweza kuwaachia watoto dola milioni 30 bila kulipa hata senti. Kodi ya asilimia 40 inaanzia hapo juu. Tena, mali ambayo mume anamwachia mke wake mwenye uraia wa nchi ile haitozwi kodi hii kabisa, hata ikiwa na thamani gani. Sheria iko hivyo tangu miaka ya 1980.

Tuchukue mfano. Mama mmoja huko Iowa amefiwa na mume. Wana nyumba ya dola 300,000, gari na akiba kidogo. Analipa kodi ya urithi kiasi gani leo? Sifuri. Kodi hiyo ikifutwa kesho, atapunguziwa kiasi gani? Sifuri. Huwezi kumsamehe mtu deni ambalo hadaiwi.

Kwa kweli, kati ya watu 1,000 wanaofariki Marekani, wasiofika 2 ndio wanaoacha mali inayotozwa kodi hii. Wengine wote wanazikwa, na watoto wao wanagawana walichoachiwa bila kumwona mtoza kodi wa serikali kuu.

Jina linaloogopesha

Kama wanaoilipa ni wachache hivyo, kwa nini watu wengi wanaichukia? Sehemu kubwa ya jibu iko katika jina. Katika miaka ya 1990 wanasiasa waliotaka kuifuta waliacha kusema "kodi ya urithi", wakaanza kusema "kodi ya kifo". Frank Luntz, mshauri wao wa lugha ya kampeni, aliwahimiza kulitumia jina hilo. Ukisikia "kodi ya urithi" unafikiri mtu tajiri na watoto wake. Ukisikia "kodi ya kifo" unajifikiria wewe mwenyewe, maana kila mtu atakufa. Hivyo hata maskini akaanza kuogopa kodi ambayo haitamgusa maishani wala kaburini.

Pamoja na jina ilikuja hadithi: mkulima amefariki, na watoto wake wanalazimika kuuza shamba la babu ili kulipa kodi. Ni hadithi inayouma. Lakini mwaka 2001 mwandishi wa gazeti la New York Times, David Cay Johnston, aliitafuta familia ya namna hiyo. Alimwuliza Neil Harl, mwalimu wa chuo kikuu cha Iowa State aliyewashauri wakulima wengi kuhusu mambo ya urithi. Harl alisema ametafuta sana na hajapata hata shamba moja lililopotea kwa ajili ya kodi hiyo. Muungano mkubwa wa wakulima, ambao ulikuwa unapigania kodi ifutwe, nao haukuweza kutaja mfano hata mmoja. Isitoshe, sheria inawaruhusu warithi wa shamba au biashara ya familia kulipa kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka 10.

Safari ya ahadi

Mwaka 2000 wabunge wa Marekani walipitisha sheria ya kuifuta kodi, lakini rais Bill Clinton akakataa kuitia sahihi. Mwaka huo huo George W. Bush aliomba kura akiahidi kuifuta. Alipochaguliwa, sheria ya 2001 ilianza kupandisha kiwango kisichotozwa, kutoka dola 675,000 hadi milioni 3.5 mwaka 2009. Mwaka 2010 kodi ikaondoka kabisa, kwa mwaka mmoja tu.

Katika mwaka huo wa 2010 alifariki Dan Duncan wa Houston, tajiri wa mabomba ya gesi, aliyekadiriwa kuwa na mali ya karibu dola bilioni 9. Familia yake iliweza kurithi bila kodi hiyo. Wajane wa kawaida waliofiwa mwaka huo hawakuona tofauti yoyote.

Baadaye kodi ilirudi, lakini ikiwa nyepesi: kiwango kikawa dola milioni 5. Donald Trump naye aliahidi kuifuta mwaka 2016. Sheria ya 2017 haikuifuta, ila iliongeza kiwango mara mbili, hadi zaidi ya milioni 11. Sheria ya Julai 2025 ikakifikisha kwenye milioni 15. Mnaona jinsi mambo yanavyokwenda: hata pale ahadi isipotimizwa yote, kila mara wanaopunguziwa ni wale wale wa juu.

Tupige hesabu. Mtu akifa na mali ya dola bilioni 1, bila ujanja wa wanasheria, warithi wake wanadaiwa asilimia 40 ya kile kinachozidi milioni 15. Hiyo ni dola milioni 394. Kodi ikifutwa, milioni 394 zinabaki kwa familia moja.

Basi si ajabu kwamba wenye mali walitoa pesa kwa kampeni hii. Mwaka 2006 mashirika mawili ya kiraia ya Marekani yalitoa ripoti iliyoonyesha kwamba familia 18 tajiri, pamoja na wenye maduka ya Walmart na wenye peremende za Mars, ndizo zilizogharimia sehemu kubwa ya juhudi za kuifuta kodi. Lakini si matajiri wote waliokubaliana. Warren Buffett, pamoja na baba yake Bill Gates, walisimama hadharani mwaka 2001 kusema kodi ibaki. Hoja yao ilikuwa kwamba hakuna anayetajirika peke yake: barabara, shule, mahakama na usalama wa nchi nzima vimemsaidia.

Wanaotaka ifutwe wanasema nini?

Tuwasikilize nao. Wanasema mtu amekwisha kulipa kodi alipopata pesa hiyo, kwa nini alipishwe tena akifa? Wanasema pia mzazi ana haki ya kuwaachia watoto jasho lake. Hakuna mama anayeweza kudharau neno hilo.

Lakini hoja ya kulipa mara mbili haisimami kila mahali. Tuseme mtu alinunua hisa kwa dola milioni 1, na siku ya kufa kwake zina thamani ya milioni 50. Angeziuza akiwa hai, angelipa kodi kwa faida ya milioni 49. Akifa nazo, sheria ya Marekani inamhesabia mrithi kana kwamba amezinunua kwa milioni 50. Faida ile ya 49 haitozwi kodi ya mapato milele. Kwa matajiri wengi sana mali iko katika hali hiyo. Kodi ya urithi ikifutwa, faida hiyo itakuwa haikulipiwa hata mara moja.

Nani atajaza mfuko?

Kila mama wa AVEC anaelewa jambo hili bila mwalimu. Tuseme kikundi kina wanachama 25, na kila mmoja anaweka kitu katika mfuko wa mshikamano kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mwenye hisa nyingi kuliko wote anasimama na kusema: "Mchango huu unawaumiza wajane, tuufute kwa watu wenye magari ya mizigo." Mjane hana gari la mizigo. Mchango wa mwenye gari ukiondoka, mwezi ujao ama wale 24 wanaongeza, ama mgonjwa anakosa msaada.

Kwa serikali ni vile vile. Mwaka 2023 kodi ya urithi na ya zawadi kubwa iliiletea Marekani zaidi ya dola bilioni 30. Na tuangalie ile sheria ya Julai 2025. Sheria hiyo moja iliyopandisha kiwango cha matajiri ilipunguza pia pesa za matibabu ya maskini na za msaada wa chakula. Wazazi wenye watoto wa miaka 14 na zaidi wakawekewa masharti ya kazi ili wapate msaada huo wa chakula. Wakimbizi, ambao zamani waliupata tangu walipofika, wakatolewa mpaka wapate karatasi za ukaaji wa kudumu. Katika hao wamo wamama waliotoka kambini, Wakongo wenzetu, waliofika na watoto na mifuko miwili ya nguo. Kwa mkono mmoja wenye mamilioni walipunguziwa, na kwa mkono wa pili sahani ya mgeni ikapunguzwa.

Na hapa kwetu?

Mjane wa hapa naye anaogopa kupoteza nyumba, na ana sababu. Lakini tuulizane: wangapi tunaowafahamu wamefukuzwa kwenye parsele na mtoza kodi ya urithi? Na wangapi wamefukuzwa na ndugu za mume, kabla hata matanga hayajaisha?

Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inawaweka watoto kuwa warithi wa kwanza, wasichana sawa na wavulana. Wao wanapata robo tatu ya mali. Mjane yuko katika kundi la pili pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu, na ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyoishi na mume wake. Haki hiyo inategemea ndoa inayotambuliwa na serikali. Mahari ikilipwa na ndoa isiandikishwe kwenye komini, siku ya msiba mama anaweza kuambiwa hakuwa mke. Na parsele ikiwa na karatasi za kienyeji tu, kila shemeji anaweza kuja na maneno yake.

Kwa hiyo mwanasiasa akija kwetu na kusema anampigania mjane, tumwombe mambo haya: kuandikisha ndoa kuwe rahisi na kwa gharama ndogo, karatasi za parsele zitolewe bila rushwa na kwa majina ya mume na mke, na mahakama imsikilize mama asiye na pesa ya wakili. Hayo ndiyo yanayomwacha mjane ndani ya nyumba yake.

Ya kuzungumza katika kikundi

1. Mtu akiahidi kuondoa kodi fulani, nani kati yetu anailipa leo, na kiasi gani?
2. Ikiondoka, nani atabakiwa na pesa nyingi zaidi? Je, ndiye anayegharimia kampeni?
3. Pesa itakayopungua itatoka wapi: shule, hospitali, au tiketi ya soko itaongezwa?
4. Katika kikundi chetu, wamama wangapi wameandikisha ndoa kwenye komini? Ambao bado, nani atawasindikiza, na siku gani?