Wageni wa Noeli Bagamoyo

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hiyo tulikwenda nayo Bagamoyo kwa sikukuu ya Noeli, na tuliporudi tuliiona nzito kuliko tulivyoizoea.

Tulitoka Dar es Salaam asubuhi ya tarehe 24 Desemba, tukapita Tegeta, Bunju na Mapinga. Sisi si watu wa mji ule, wala Noeli si sikukuu ya kila nyumba miongoni mwetu. Tulikwenda kama wageni. Usiku tuliketi nyuma kanisani. Joto la Desemba lilikuwa jingi, na kina mama walijipepea kwa kanga. Kando ya altare lilisimama tawi la mvinje lililopambwa kwa karatasi za rangi, mahali pa msonobari wa Ulaya.

Jina lenyewe, Noeli, ni la kigeni. Asili yake ni Kifaransa. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, walioanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 wakiongozwa na Padri Antoine Horner, walitoka nchi ambako siku hiyo huangukia katikati ya baridi, jua likachwa mapema na watu wakaota moto. Sikukuu hiyo ya baridi waliileta kwenye mwambao wa minazi.

Lakini katika misheni ile walikuwamo wageni wengine ambao hawakuja kwa hiari yao. Hao ni watoto waliotekwa bara, wakafikishwa pwani wakiwa mali ya watu, kisha mapadri wakawakomboa kwa fedha. Hawakualikwa, wala njia ya kurudi kwao hawakuwa nayo. Walifundishwa kusoma, kusali na ufundi. Tena walilima mashamba ya misheni. Methali yetu humpa mgeni siku mbili za kupumzika. Wao jembe walilipokea mapema. Haki yadai tuyataje yote mawili, wema wa kuwakomboa na jasho lao, kwani lililojenga misheni si moja bila la pili.

Ng'ambo ya pili ya bahari, Unguja, jiwe la msingi la kanisa kuu la Waanglikana liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka huo huo. Basi katika pwani yetu sikukuu hii haiwezi kutengwa na habari ya minyororo, wala na habari ya kukatwa kwake.

Kulipokucha, mwenyeji wetu, seremala Mkristo, alimwita jirani yake Mwislamu aje kumchinja mbuzi. Tulipouliza sababu, alitutazama kwa mshangao.

"Nikichinja mwenyewe," alisema, "nitakula na nani?"

Adhuhuri tulimfahamu. Masinia ya pilau yaliyofunikwa kawa yalitoka uani kwake, moja baada ya jingine, yakaenda nyumba za jirani. Tukaelezwa kwamba Idi ikifika masinia hayo hurudi, na hayarudi matupu. Hakuna aliyeiacha dini yake, wala hakuna aliyeachwa nje ya karamu.

Hivyo ndivyo sikukuu ya wageni inavyopata wenyewe. Mapambo hayatoshi, na amri haiwezi. Huwa ya wenyeji pale wanapoipikia chungu chao na kumfikiria jirani kabla kisu hakijashikwa. Wajukuu wa waliofikishwa hapa kwa nguvu, na wajukuu wa waliowakuta hapa, wana haki ya kukaa kwenye mkeka mmoja bila ya kuulizana nani alitangulia.

Jioni, wenzetu wakipumzika, tulichota maji tukaosha masufuria. Mwenyeji alitukataza, nasi tukamkumbusha methali. Alicheka, akatupa majivu ya kusugulia masizi.

Ndugu, ukialikwa kwenye sikukuu isiyo yako, nenda. Kula, shukuru, kisha uliza chakula hicho kimelimwa na mikono ya nani. Na kabla hujaaga, tafuta jembe lako.