Kuzeesha nyumba ya pupe

Tangu tuanze kuwasaidia watoto kutengeneza nyumba za pupe kwa kartoni, swali moja linarudi kila Jumamosi: mbona mnachafua nyumba ambayo rangi yake haijakauka hata vizuri? Mama mmoja alitueleza waziwazi kwamba matope ukutani ni aibu ya maskini, na kwamba mtoto anastahili, angalau katika mchezo, nyumba ya ghorofa yenye vioo.

Tunamwelewa. Hata fundi mkubwa wa kazi hii katika nchi yetu alipenda vitu ving'ae. Bodys Isek Kingelez (1948-2015), aliyefanya kazi Kinshasa, alijenga miji mizima midogo kwa karatasi, kartoni na maboksi ya bidhaa. Mwaka 1994 alitengeneza kijiji alichozaliwa, Kimbembele Ihunga, akakigeuza kuwa mji wa ghorofa za rangi kali. Mwaka 2018 kazi zake zilionyeshwa New York, katika jumba la makumbusho la MoMA. Alijenga kile alichotamani kije.

Lakini watoto wengi wanaokaa nasi mezani wanataka kile walichokiacha. Tangu mauaji yalipoanza upande wa Beni, Oktoba 2014, jamaa nyingi zimeshuka Butembo, na hapa Bulengera hakuna avenyu isiyo na nyumba iliyopokea wageni. Aliyekimbia usiku hakubeba picha. Mtoto aliyetoka huko akiwa na miaka 5 anakumbuka mlango, jiko la bibi, bati lililokuwa likipiga kelele kwenye upepo. Ukimpa nyumba nyeupe isiyo na doa, anaisukuma pembeni: si kwao. Ndiyo sababu tunazeesha, na tunataka kuieleza kazi hii vizuri, kwa kuwa inafanywa vibaya mara nyingi.

Kosa la wengi ni kuchovya kitambaa kwenye rangi ya udongo na kupaka kila mahali. Hapo unapata nyumba chafu. Nyumba nzee ni kitu kingine. Kila doa lake lina mahali lilipotoka: mvua, jua, moshi, mkono wa mtu. Kwa hiyo kabla ya kushika rangi, toka nje na watoto, mtazame ukuta wa jirani (mkiomba ruhusa, maana hakuna anayefurahi kuona watu kumi wanakodolea nyumba yake macho).

Mtaanza kuona wekundu wa chini. Maji yakianguka kutoka ukingo wa paa hupiga ardhi na kurusha udongo ukutani. Wekundu huo ni mzito karibu na msingi, unapungua unapopanda, na kwa kawaida unaishia kwenye goti la mtu mzima. Kwa pupe wa sentimita 14, goti liko kama sentimita 4 kutoka chini, usipite hapo. Chukua udongo mwekundu, ukaushe, utwange, uchuje kwa kitambaa chepesi. Changanya vijiko 2 vya udongo, kijiko 1 cha kole nyeupe ya mbao na vijiko 3 vya maji. Chovya mswaki wa zamani, uuelekeze chini ya ukuta, kisha vuta nywele zake kwa kidole gumba ili matone yaruke kutoka chini kwenda juu. Matone yatajipanga kama ya mvua, kwa sababu yamekuja kwa njia ile ile.

Paa ndilo linalopendwa kuliko yote. Lowesha kidogo upande mmoja wa kartoni, bandua karatasi ya juu, na mawimbi ya ndani yatatokea: hayo ndiyo mabati yako. Yapake kijivu kwa majivu laini yaliyochanganywa na kole. Kisha kutu. Udongo wetu ni mwekundu kwa sababu ndani yake kuna chuma kilichoshika kutu, kwa hiyo hakuna udanganyifu ukiutumia hapa pia, ukiongeza kahawa kidogo ili uwe mweusi zaidi. Bati hulindwa na zinki, na kutu huanza pale zinki ilipoondoka: kwenye makali yaliyokatwa, kwenye matundu ya misumari, mahali bati mbili zinapolaliana. Weka nukta kwenye kila msumari na mstari mwembamba unaoteremka. Paa zima likiwa na rangi moja ya kutu, jicho linakataa.

Na kumbukeni jambo ambalo watoto ndio waliotuonyesha: paa nyingi za kwetu hazikununuliwa siku moja. Baba alinunua bati mbili baada ya mavuno, moja baadaye, nyingine akapewa na shemeji. Acheni bati moja iking'aa katikati ya zile nzee. Wekeni na mawe mawili matatu juu, ya kuzuia upepo.

Mbao huzeeka kwa kuwa kijivu. Paka mlango chai nzito, uache ukauke. Siku mbili kabla, uwe umeweka siki kwenye chupa pamoja na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, bila kukaza kifuniko, kwa sababu hewa inatoka. Ukipaka siki hiyo juu ya chai, ubao unageuka kijivu na weusi mbele ya macho yako. Kazi hii ifanywe na mtu mzima, nje ya nyumba.

Jua nalo lina upande wake. Vitabu vya Ulaya vinaagiza kuvu na ukijani viwekwe kwenye ukuta wa kaskazini. Huko ni sawa. Butembo iko karibu kabisa na ikweta, na jua letu linapiga mashariki asubuhi na magharibi jioni. Rangi hupauka zaidi kwenye kuta hizo mbili. Ukijani utauweka pale maji yanapodondoka na kivuli hakiondoki, labda nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Nyufa zichore kwa ncha ya msumari kutoka pembe ya dirisha, zikienda mshazari, wakati udongo wa ukuta bado una unyevu.

Kwa moshi tunatumia masizi ya chini ya sufuria, makavu, kwa kidole, juu ya mlango wa jiko na chini ya ukingo wa paa, tukivuta kwenda juu. Tunawaomba sana: msivunje betri za tochi ili kupata weusi. Unga ule una manganizi, ni sumu, na watoto hulamba vidole.

Mwisho kuna mikono. Karibu na komeo mbao huwa nyeusi kwa mafuta ya viganja vya miaka. Weka doa la mtu mzima, halafu lingine chini zaidi, la mtoto anayesukuma mlango.

Hapa ndipo lilipo swali ambalo tungeuliza hata kabla ya kukata kartoni: nyumba hii ina watu au haina? Kwa sababu uzee wa aina mbili haufanani. Nyumba inayokaliwa ina masizi mapya, kizingiti kilicholika katikati, njia iliyokanyagwa hadi mlangoni. Nyumba iliyoachwa haina moshi, na wadudu wanaingia kwenye miti, majani yanaota mlangoni, njia inapotea. Mtu mzima anaweza kudhani ya pili ndiyo ya kweli zaidi kwa mtoto aliyekimbia. Tumeona kwamba karibu wote wanachagua ya kwanza. Wanataka masizi, na wanataka njia. Kuna aliyetuomba tuongeze maji yaliyomwagika mbele ya jiko, kwa sababu bibi yake alikuwa akimwaga hapo kila asubuhi.

Paa lililoungua na matundu ya risasi sisi hatuweki. Mtoto mwenyewe akitaka kuyachora, hatumkatazi wala hatumuulizi maswali mbele ya wenzake. Mmoja wetu anakaa karibu naye mpaka amalize.

Nyumba ikishakauka, iache siku nzima mahali pakavu, mbali na moto, kabla mtoto hajaichukua. Udongo unaobanduka unarudishwa kwa kole kidogo. Jumamosi ijayo kila mmoja alete kartoni moja, mswaki wa zamani na mkono mmoja wa udongo. Mwenye udongo mweusi wa bondeni alete pia, kwa maana si kila mtoto anatoka mahali penye udongo mwekundu.