Simu moja, watoto 50: hesabu ya somo la muziki Butembo na Beni

Walimu wa Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, wakitaka kurekodi muziki na watoto darasani, vifaa si mzigo mkubwa. Tuchukue mfano: shule 10 za msingi, nusu katika kila mji, kila moja na walimu 6. Tuiweke simu dola 100, spika ndogo 30, paneli ya jua 40. Shule zote: dola 1,700. Kinasa sauti kilichomo ndani ya simu kinatosha kuanzia. Betri ya simu hubeba kama wati-saa 15. Paneli ya wati 20 ikipata saa 4 za jua kali hutoa 80. Wimbo wa dakika 5 ukihifadhiwa kwa MP3 ya kawaida hula karibu megabaiti 5, na walimu hutumiana kwa Bluetooth bila kununua mega.

Kazi iko kwenye idadi ya watoto. Tangu shule za msingi za umma ziwe bure, Septemba 2019, madarasa yamefurika. Somo likiwa la dakika 40 na watoto ni 50, simu ikipita mkono kwa mkono kila mmoja anaishika sekunde 48. Hapo hakuna muziki. Wagawe makundi 10, dakika 3 kila moja, na dakika 10 zinabaki za kusikiliza pamoja. Lakini makundi 9 yanayosubiri yafanye nini? Nani ashike ngoma, nani aanzishe wimbo wa Kinande aliofundishwa na bibi yake, wote wanyamaze lini? Mwalimu anahitaji saa nyingi kwa hayo. Kubonyeza kitufe atajifunza asubuhi moja.

Tuseme saa 30. Semina ya pamoja ya siku 5, chakula na malazi dola 15 kwa siku, inakula dola 4,500 kwa walimu 60, na madarasa yanapoteza siku 300 za mwalimu. Tena walimu wa mji mmoja watasafiri zaidi ya kilomita 50, katika eneo ambalo waasi wa ADF wanaua raia tangu 2014. Sioni semina inayostahili hatari hiyo.

Saa zilezile zikigawanywa Alhamisi 15 baada ya masomo, kila mji na kikundi chake, mkufunzi akilipwa dola 20 kwa kikao na kila mwalimu dola 2 za nauli, jumla ni 2,400. Kati ya zile 4,500 zinabaki 2,100: simu ya pili kwa kila shule, ili kila kundi lipate dakika 6, na vikao 13 vya mwaka unaofuata.